Njia Niliyoipita Nikitazama Mgongo Wako

Da Mwanaidi,

Leo Jumapili, nje ni nyuzi mbili chini ya sifuri, na kesho watabiri wanasema itazidi. Nimekaa jikoni na chai, nakuandikia wewe kwa sababu wa kumlalamikia mwingine sina.

Kazi bado inaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Basi la kwanza bado linafika na dakika kumi na nane za kuchelewa. Ndiyo maana ulinifundisha baiskeli nina miaka arobaini na moja, kwenye maegesho ya magari kule Woolwich, umeshika kiti huku unanicheka: "Zuhura, mbona umekakamaa kama umebeba ndoo kichwani?" Mimi niliyejenga nyumba Tanga kwa mshahara wa kuosha masufuria ya hospitali huku ughaibuni, nalizwa na magurudumu mawili!

Miaka mitatu, dakika thelathini na tano kila asubuhi. Wewe mbele, mimi nyuma. "Fuata taa yangu, barabara niachie mimi." Nikafuata. Ukikata kulia, nakata kulia. Ukipiga kelele "Barafu!", napunguza mwendo. Sasa ona ulichonifanyia: miaka mitatu nimepita njia, na njia siijui.

Jumatatu baada ya kukuzika nilitumia dakika hamsini na nane. Niliingia mtaa usio na njia ya kutokea, nikarudi, nikaingia mwingine. Wiki iliyopita nikateleza kwenye kona, goti likavimba. Nimechelewa mara mbili. Supavaiza wetu mpya si mtu mbaya, lakini ameniambia ya tatu tutakutana ofisini, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Wagonjwa sitini na nne wanasubiri uji, Da Mwana. Uji hausikilizi mtu kafiwa.

Glavu za jikoni bado navaa ndani ya zile za sufu, kama ulivyonionyesha. Gazeti la bure la stesheni bado naliweka kifuani, chini ya jaketi. Kifua kinapata joto. Vidole vya miguu hapana. Hukunifundisha vya miguu.

Binti yako Salma hajambo. Siku ya arobaini nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, kisha akanikumbatia hadi mtandio ukanivuka. Ndiye aliyeniambia kwamba ugonjwa uliujua tangu baridi iliyopita. Baridi nzima ile, mimi nyuma yako, sijui kitu.

Basi leo mchana nikachukua daftari nikaenda kujifunza njia yako kwa mwanga. Kona kumi na moja. Simu ikapima: maili nne na nusu. Nikasema sawa, ngoja nirudi kwa barabara kubwa, nione. Maili tatu na robo.

Nilisimama pale kwenye kipilefti cha barabara kubwa, nimeshika baiskeli, nikakumbuka. Wiki yetu ya kwanza, lori lilinipita hapo karibu kunigusa begani. Nikashuka, nikashikilia reli za kando, nikalia kama mtoto. Kesho yake ukakata kushoto kabla hatujafika, ukasema, "Wanachimba huko mbele, tuzunguke." Wiki ya pili wanachimba. Mwezi wa sita wanachimba. Miaka mitatu, Da Mwana, na mimi ninayejisifu kwa hesabu sikuwahi kuuliza wanachimba nini.

Nimemuuliza muuza magazeti wa pale pembeni. Yuko pale miaka kumi. Hajawahi kuona hata sepetu.

Maili moja na robo. Kwenda na kurudi, mbili na nusu. Mara siku tano. Nikaanza kuzidisha kwa wiki, hesabu naiweza, nikafika baridi ile ya mwisho, ulipokuwa unasimama kwenye kile kilima cha njia yako ya kuzunguka, kufunga kamba za viatu. Kila siku kamba. Na mimi nyuma nakuhimiza: "Dada, tutachelewa!"

Nikafunga daftari.

Ungeniambia. Ningeshuka nikasukuma. Ningetafuta kazi nyingine. Ungeniambia tu, na ningekaa mbele yako hata siku moja nikukinge upepo. Hukuniambia, nimekasirika, na hasira yenyewe sijui niipeleke wapi. Siwezi kukurudishia hata robo maili.

Mitaa yako ya ndani haimwagiwi chumvi ya kuyeyusha barafu. Wewe uliijua kila barafu ilipolala. Mimi hata nikitoka mapema nitaanguka tu. Barabara kubwa ina chumvi na ina malori. Nimepiga hesabu mara nne, jibu halibadiliki.

Mungu akupumzishe, Da Mwana, pasipo baridi wala kilima. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Siwezi kukuahidi kazi nitaishika. Hilo halimo mikononi mwangu. Nakuahidi kwamba kesho nitapita kipilefti. Nikishindwa kuendesha nitashuka, niisukume pembeni, wenye honi wapige honi. Njia yako sitaipita tena. Umeizunguka vya kutosha.

Lala, dada.

Mdogo wako,
Zuhura