Barua ya Zoezi

Nyakio, uko? Mama ndio kwanza amesikia jina kamili la babako.

Mwaka wa themanini na sita mama alikuwa karani wa hoteli hapa Malindi. Yeye na wenzake wakaletewa mwalimu wa kuwafunza kuandika barua za kazi. Akawaambia waandike barua ya kuacha kazi, kila mtu atie jina na sahihi yake. Ni zoezi tu.

Zoezi tu, Nyakio!

Ya mama ikashinda zote. Mwalimu kwa furaha akampelekea meneja aione. Meneja akaikubali, akaigonga muhuri! Jumatatu mama kufika, kiti chake kina mtu.

"Bwana, lile lilikuwa zoezi!"

"Kazi umeiacha kwa mkono wako mwenyewe, Kanze."

Kwa mkono wake mwenyewe! Akarudi kwao Sabaki kulima, hadi leo.

Meneja ni babako. Mzee Kamande. Na kesho anakuja kuniposa kwa ajili ya kakako!

Mama hata hakupiga kelele. Ameitoa sandukuni ile barua yenye muhuri aliyorudishiwa siku ile, akaniambia, "Kache, nitafutie kalamu. Posa yao nitaijibu kwa maandishi. Nilifunzwa."