Siku ya Wageni

Nairobi, 9 Juni 1974

Mpendwa Tata,

Nakusalimu, na mama, na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Salamu ziishie hapo, maana nina jambo limenikaa kooni tangu nilipopanda basi.

Ulitupokea vizuri shuleni mwezi uliopita. Daktari Shariff, mkuu wa utafiti wetu, hadi leo anasifu ndizi za mama. Nilikueleza mapema kwamba tunatafuta watoto walio katika hatari ya kuacha shule, tujue wanakwama wapi na wasaidiweje. Tulilipima darasa la saba, mtoto mmoja mmoja, na wote walisoma kama maji. Daktari akaandika kwamba shule yako haina tatizo. Nikajivuna kuwa mwalimu mkuu ni baba yangu.

Jioni nilishuka sokoni. Kwenye kituo cha kupimia majani chai nikamkuta Mong'ina, yatima wa baba mdogo Onyancha, anayelala nyumbani kwetu, kikapu mgongoni, pamoja na wenzake wa darasa hilo hilo. Nikamwuliza mbona hakuwa shuleni. Alijibu kama mtu anayeeleza habari za mvua: "Mwalimu alisema sisi wajinga tusije, kuna wageni. Tukachume chai yake."

Tata, tulikuja kwa ajili ya hao. Uliwaficha wale wale tuliowafuata. Nataka kujua kwa nini, na nataka kujua kama Mong'ina ataandikishwa mtihani wa kumaliza darasa la saba mwaka huu.

Binti yako,
Kemuma

Nyaramba, 20 Juni 1974

Kwa binti yangu Kemuma,

Salamu katika jina la Bwana. Hapa tu wazima. Mama yako anauliza kama unakula.

Nilipoisoma barua yako nilidhani imeandikwa na mtu mwingine. Mgeni akija, unafagia uwanja, humpeleki kumwonyesha ng'ombe mgonjwa. Wazazi wa hapa walibeba mawe kichwani kujenga madarasa haya kwa sababu shule ina jina, na jina hilo ni wastani wa mtihani. Ukishuka, watoto wanahamishiwa shule ya Nyanchwa, na mimi nahamishwa nisikokujua. Kwa hiyo asiyeweza simwandikishi. Anarudia darasa mpaka aweze, au achoke mwenyewe. Walimu wakuu wenzangu wanafanya hivyo, na mkaguzi anajua.

Mong'ina amerudia mara mbili. Nampenda kama wangu, lakini kichwa chake ni kizito. Hataandikishwa. Na hiyo chai unayoitaja kwa dharau ndiyo iliyokufikisha Chuo Kikuu.

Ni mimi tata yako,
Mwalimu Obadiah Mogire

Nairobi, 27 Juni 1974

Mpendwa Tata,

Natumaini u mzima. Mimi silali vizuri, lakini si ugonjwa.

Kichwa kizito. Kila Sabato nani anasimama mbele kusoma Maandiko kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani? Ni Mong'ina. Nimemsikia akiyapita majina ya wafalme wa Yuda bila kujikwaa, na wewe, mzee wa kanisa, ukiitikia amina kwa sauti kuliko wote. Jumatatu unamwita mjinga kwa sababu swali la hesabu limeandikwa kwa Kiingereza. Hesabu yenyewe anaijua, sokoni hakuna anayempunja. Kuna siku ulimwuliza kwa lugha anayoiota?

Usiniambie walimu wakuu wote wanafanya hivyo. Hicho ndicho kinachonitia wazimu. Mnashangilia wastani, na hakuna anayeuliza waliokatwa kabla ya kuhesabiwa wako wapi. Mimi najua walipo. Wako kwenye chai yenu.

Nimemweleza Daktari kila kitu. Amefuta alichoandika, na kikundi kitarudi katikati ya Julai. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia. Mimi sitakuwepo, maana haifai binti kumchunguza babake. Mwandikishe Mong'ina, Tata. Hili silisemi kwa kuomba.

Binti yako,
Kemuma

Nyaramba, 21 Julai 1974

Kemuma,

Hatujambo.

Wageni wako walikuja Alhamisi. Safari hii sikumficha mtu. Daktari alisema anawataka walio dhaifu peke yao. Hapo gwarideni, shule nzima imesimama, akaniambia niwaite kwa majina wakakae kando, karibu na jiko la walimu. Nikawaita. Nilipomtaja Mong'ina, watoto wa darasa la pili walicheka. Walishinda pale wakipimwa, na kila aliyekwenda chooni alipita akiwatazama.

Mong'ina alijibu yote kwa Ekegusii. Daktari alifurahi mno, akampiga picha. Kesho yake hakuja shule. Amekwenda Nyacheki kwa mjomba wake, anachuma chai huko. Amesema hatarudi mahali alipoitwa vile.

Uliniuliza kwa nini niliwaficha. Ni jina la shule, ndiyo. Lakini pia nilitaka kuwaepusha na kicheko kile. Kwangu alikuwa mjinga kimya kimya. Ninyi mmemfanya mjinga wa hadhara, kisha mkapanda gari.

Tata yako

Nairobi, 25 Julai 1974

Tata,

Sijui nikusalimu vipi, lakini nakusalimu.

Barua yako nilimsomea Daktari Shariff. Akasema ni bahati mbaya, ila matokeo ni mazuri sana. Nikamwambia matokeo yake yako Nyacheki yamebeba kikapu. Sijui kama bado nina kazi.

Niliwatuma watu nisikokwenda mwenyewe, na kosa hilo ni langu. Lakini usijifunike nalo. Watoto wa darasa la pili walicheka. Nani aliwafundisha kwamba Mong'ina ni wa kuchekwa? Si Daktari. Daktari alikaa siku moja tu.

Kuandikisha kunafungwa mwisho wa Agosti. Mjomba wake hatamsikiliza msichana kama mimi. Nenda wewe. Usimtume mtu, usimwite. Umwendee yeye mwenyewe. Kama huwezi, usiniandikie tena.

Kemuma

Nyaramba, 18 Agosti 1974

Kemuma,

Mama yako anakusalimu. Mimi pia. Nilikaa kimya kwa sababu ulinikataza kuandika kabla sijakwenda.

Nilikwenda Jumatano. Nilimkuta shambani, katikati ya wanawake. Walinipisha walipoiona tai yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Yeye hakuacha kuchuma, aliniuliza tu, "Mwalimu, wageni wamekwenda?"

Nikasema wamekwenda, na kwamba wakija wengine hatafichwa wala hataitwa gwarideni. Akasogea kwenye mche mwingine. Nikavua koti, nikaingia mstari wa pili na kuchuma, nikichanganya majani machanga na yaliyokomaa yasiyopokelewa, mpaka mwanamke mmoja akaniambia, "Mwalimu, hayo kituoni utarudishiwa yote." Mong'ina akacheka. Nikaacha acheke.

Alipima majani yake, kisha akanifuata hadi kwenye basi, akitembea nyuma kwa mbali. Nimemwandikisha, na wenzake wote. Kamati ya wazazi imeanza kunung'unika, na mkaguzi ameniita Kisii. Mwakani huenda nikafundisha mahali pengine.

Anafanya hesabu hapa mezani ninapoandika. Anataka nimsomee swali kwa Ekegusii kwanza, kisha analijibu kwa Kiingereza, taratibu. Mengine anakosa.

Bado nina hasira nawe. Desemba njoo nyumbani, lakini usilete mgeni.

Tata yako