Monsieur ndani ya mashini

Okito, uko kwa telex pale Kibombo? Soma, kisha pasua karatasi. Nimejimaliza mwenyewe.

Unajua ile mashini profesa alileta hapa gare ya treni ya Kindu, ya kushika vumbi ya atomu yenye kutoka siku za kesho? Leo imesema. Imesema, Okito! Sauti ya muntu: "Bonjour, monsieur Matata."

Monsieur! Neno Parti ilikataza, ya kufungisha muntu gereza; sasa sisi wote ni citoyen, raia! Na mukubwa wa Parti iko nyuma yangu, na abacost yake, ile koti ya Parti yenye inakataza kravati.

Mimi mujinga, badala ya kunyamaza, nikasimama, nikatengeneza kravati yenye siko nayo, nikajibu: "Bonjour, monsieur!"

Nikangojea mukubwa anifunge. Akafunga mulango. Akaninong'oneza: "Monsieur Matata, muulize: kule kwenye wanasema tena monsieur, ni mwaka gani?"