Kituo cha Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mkutano tangu asubuhi. Vituo kumi na viwili vya kupimia mto, miaka thelathini. Mkuu wa mradi anaitamka "thelathini" kama mtu anayeagiza chai. Kila mwezi, mahali palepale, namna ileile: maji, tope, samaki. Kituo kikishawekwa hakihamishwi, la sivyo vipimo vyote vinaharibika.

Kwenye ramani, kituo cha saba kiko chini kidogo ya makutano ya mito miwili. Palepale boti ya mizigo ilipopinduka mwezi wa kumi na moja, mdogo wangu akiwa ndani. Wanne walitolewa. Yeye hajaonekana mpaka leo.

Nikanyoosha mkono. Nikasema njia ya kufika pale ni mbovu, tukisogeze juu ya makutano. Sauti kavu kabisa. Mkuu akaandika. Basi.

Jumanne, 5 Machi

Samaki kanifuata mezani. Ndiye mtaalamu wetu wa samaki — mgeni, jina lilimganda wiki ya kwanza. Anasema tukipima juu ya makutano, maji ya mto wa pili hatutayapata kamwe. Miaka thelathini ya nusu mto! Hana kosa. Nikamwambia ashughulike na mapezi yake. Akacheka, akidhani utani. Hajui.

Nikaenda chooni, nikafungulia bomba, nikalia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepanga jedwali la chupa za kuchukulia maji kutwa.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa mama. Nimemkuta anaanika magodoro. La mdogo wangu nalo lipo juani, ili akirudi asikute ukungu. Kitinda mimba wake. Kila kitu ni "akirudi". Hatujawahi kulia pamoja hata siku moja, maana kulia ni kumzika, na mtu hazikwi bila mwili.

Nikamweleza habari ya kituo, nikidhani nitampoza moyo. Usihofu mama, pale nimekiondoa.

Akaacha kupiga godoro. Pale wangekwenda mara ngapi? Kila mwezi, nikasema. Mpaka lini? Nikamwambia.

Akanitazama kama nimemwibia.

"Yaani mwanangu kapata watu wa kwenda kumwona kila mwezi, halafu wewe unamnyima? Wewe, dada yake?"

Hakusema "akirudi". Nikakaa kwenye godoro la mdogo wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; mimi nilijifanya naujua. Akaja akakaa kando yangu. Tukalia mpaka kamasi. Godoro limelowa, itabidi lianikwe upya.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekirudisha kituo. Sababu ya kweli nimeisema mbele ya wote, maana kuirudia mara mbili nisingeweza. Mkuu akasema mwingine anaweza kupewa cha saba, mimi nichukue vya juu. Nikakataa.

Baadaye Samaki kaniletea kikombe cha chai. Kakiweka mezani, kaondoka. Sukari kazidisha. Nimeinywa yote.

Jumatano, 13 Machi

Naandika ndani ya boti, mwandiko unaruka. Safari ya majaribio. Mama yumo. Kibali hana — nahodha kasema yeye hamwoni mama yeyote humu.

Tumefika. Mashine imezimwa. Maji ya kahawia na maji meusi yameshachanganyika hapa, huwezi kuyatenga. Nilijiandaa kuuchukia huu mto. Nimeshindwa hata hilo. Nimechoka tu, na namtaka mdogo wangu.

Mama kaomba chupa ya kwanza aijaze yeye. Nikamfundisha. Maji ya mwanzo ni ya kusuuzia: jaza, tikisa, mwaga. Mara tatu. Ya mara ya nne ndiyo tunayobeba. Kainama, kajaza taratibu, hata kiputo hakuna. Wanafunzi ninaowafundisha kazi hii hawamfikii. Katikisa.

Sasa hamwagi.

Nimemwambia, mama, hayo humwagwa. Nimemwambia tena. Ameikumbatia chupa kwa mikono miwili, gauni limelowa kifuani. Nahodha ananitazama, mkono kwenye kamba ya mashine. Mkondo unatushusha, kituo kinabaki nyuma yetu.

Mama anasema tungoje kidogo.