Mwigizaji Bora wa Msiba Wako

Mtani wangu Sesilia,

Matokeo yametoka. Najua ungekuwa hapa ungeshanishika shingo: "Nani kachukua? Sema, Mnyamwezi wewe, nani kachukua?" Lakini leo sikwambii mapema. Nikikwambia sasa utaanza kushangilia na mengine hutayasikia, na hayo mengine ndiyo yaliyonifanya niache gauni la mteja kwenye cherehani nikae kukuandikia. Utasubiri. Mara moja moja na wewe usubiri.

Kwanza habari za hapa Kihonda. Chumba chako amepanga kijana anayesoma chuo kule Mazimbu, mpole, anafua kila siku, na kamba yote ya kuanikia sasa ni yake. Genge lako amelichukua dada mmoja anayepanga nyanya vizuri lakini hajui kuita wateja. Anakaa kimya utadhani nyanya kaiba. Wateja wako bado wanapita kwangu kuulizia karoti za Mgeta, na mimi bado nawajibu kwamba zimechelewa njiani. Sijui kwa nini nawajibu hivyo. Kigoda chako nimekisukumia chini ya meza ya kukatia, na mtu akitaka kukikalia namwambia mguu umelegea.

Filamu bado naziangalia Jumapili mchana, mlango wazi kama zamani. Ila sauti nimepunguza. Zamani tuliiongeza kwa sababu ya kelele zetu wenyewe.

Unakumbuka tulivyoanza yale mashindano yetu? Ulikuwa mwaka ule umeme ulipokatika mtangazaji akiwa ameshafungua bahasha ya mwigizaji bora wa kike. Tukakaa gizani tunabishana ni nani, wewe unasema huyu, mimi nasema yule, na ndipo ukatoa wazo lako la kichizi. Atakayekosea atamwamkia mwenzake shikamoo wiki nzima, mbele za watu, na goti chini. Sisi tuliozaliwa mwaka mmoja! Tangu hapo kila msimu wa tuzo ukikaribia nyumba nzima inajua, wapangaji wanachagua upande, na muuza mkaa wa pale kona anauliza safari hii nani atapiga goti.

Na mpigaji goti ulikuwa wewe, Sesilia, karibu kila mwaka. Bado nakuona pale bombani na ndoo yako, unainama mpaka chini: "Shikamoo, mama mkubwa." Na mimi najivuta kama bibi wa miaka mia: "Marahaba, mjukuu wangu. Milima haijambo? Hakuna aliyeporomoka shambani?" Watu wanacheka mpaka maji yanafurika. Nilikuambia tangu zamani kwamba ninyi Waluguru mnalima ukutani, na kwamba viazi vikikuponyoka Mgeta huna haja ya kuvifuata, vitakukuta sokoni Morogoro. Wewe ukanijibu kwamba Mnyamwezi hawezi kuelewa shamba, amezoea kubeba mizigo ya wenzake na kutafuna michembe, viazi vyake vikavu.

Ulikuwa unashindwa kwa sababu ulichagua kwa namna yako. Mimi nilitazama machozi, nywele, gauni, na nani kaanguka kwa kishindo. Majaji nao walikuwa na macho kama yangu. Wewe hukutazama hata uso. "Uso umefundishwa," ulikuwa unasema. "Tazama mikono. Mtu aliyefiwa kweli, mikono yake inatafuta kazi." Halafu unanihadithia wanawake wa kwenu mlimani, mmoja aliyeletewa habari ya mwanawe akiwa anamenya maharage, akalia huku anamenya, na ole wako umnyang'anye ungo. Mimi nikakwambia hayo ni mambo ya kwenu, kwenye tuzo wanataka mtu agaagae.

Mwaka huu mimi nilimchagua yule mama wa kambo anayegaagaa kwenye matope na gauni la harusi. Kilio kile nilikisikia mpaka kwenye kisigino. Wewe ukamchagua yule mwembamba, mke wa dereva wa lori, anayeambiwa mumewe amekufa na yeye anaendelea kuchambua mchele. Anachambua, anachambua, mchele umeshakuwa mweupe na bado anachambua. Nikasema, huyu hajui kulia, huyu anapika. Ukanyoosha kidole: "Mwaka huu utaniamkia, Mnyamwezi. Goti hilo litapasuka." Kwa wanaume tulikubaliana wote wawili, yule mzee mwenye nyumba anayewahesabia wapangaji ndoo za maji. Tulisema huyo hana mpinzani. Basi huyo kakosa, mtani. Kachukua kijana mmoja ambaye hatukumtaja hata kwa bahati mbaya.

Ilikuwa Jumapili hiyohiyo ya kuchagua, tukitafuna mahindi, uliponipa maagizo yako. Ulisema kwa mzaha na mimi nikapokea kwa mzaha. "Siku yangu ikifika, usije ukanitia aibu Mgeta. Wewe ndiye mtani. Wenzako watalia, wewe kazi yako ni kuchekesha, mpaka mama yangu akumbuke kula. Vaa kanga yangu, jitwike kapu langu, uite wateja kama ninavyoita. Ukifanya vizuri, tuzo ya mwigizaji bora wa kike nakupa mimi mwenyewe." Nikasema hiyo tuzo ni yangu tayari, wewe jifie tu. Nililisema neno hilo, Sesilia. Tukacheka mpaka punje zikakupalia.

Na hata msimu haukuisha. Kifua, homa, wodi, kisha simu ya binamu yako yule anayeendesha lori la mboga. Sikuamini mpaka nilipoona jeneza linapandishwa kwenye lori lilelile lililokuwa linakushushia karoti.

Sasa nikueleze yaliyotokea kaburini, maana najua hakuna atakayekueleza kama yalivyokuwa.

Nilijiandaa. Sikutaka uaibike. Njia nzima ya kupanda kwenu nilikuwa najizoeza kimoyomoyo. Nilipofika nikaomba kanga yako ile ya njano, nikajifunga. Wakanipa kapu lenye karoti, nikajitwika. Wajomba zako walikuwa wamesimama kwenye kile kipande bapa cha ardhi juu ya makaburi, yaani hata kuzikana mnazikana ukutani, na mama yako amekaa kwenye mkeka, mdomo umekauka, chakula kimefunikwa pembeni hajakigusa. Nikapita katikati ya watu nikisukuma kiuno kama wewe. Wakaanza kutabasamu. Mzee mmoja akasema, "Haya, mtani kaja." Nikafika ukingoni mwa kaburi, nikapanua kifua, nikaita kwa sauti yako: "Karoti tamuuu! Karoti za kwetuuu!"

Sauti ikatoka yako kabisa. Sikutegemea. Nikaisikia inagonga ng'ambo ya bonde na kurudi, na ile kanga ikanijia puani na harufu yako ya vitunguu na mafuta ya nazi, basi, mtani, nikaanguka. Kapu likaenda kivyake, karoti zikabingirika kuteremka. Nikaanza kulia kilio ambacho sikujua kama ninacho.

Na watu wakacheka.

Walicheka kweli, wakapiga makofi. Walidhani ni utani. Walidhani naigiza wale waigizaji wetu wa kugaagaa. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyoshika mbavu. Mimi nikawa natambaa nazifuata karoti, naziokota, nazifuta udongo, nazipanga mafungu pale pembeni ya kaburi lako kama ulivyokuwa unazipanga gengeni, kubwa chini, ndogo juu. Mama mmoja akapaza sauti, "Shilingi ngapi fungu?" Kicheko kikapanda tena. Nilitaka kusema jamani, mimi nalia kweli. Sikuweza. Ningesemaje? Mtani halii msibani. Ningekuwa nimekuvunjia heshima mbele ya ukoo wako wote.

Kwa hiyo nikaacha iwe utani. Nikafuta uso, nikainuka, nikainama kama msanii jukwaani. Nilifanya hivyo kweli, mtani, nikainama. Mjomba wako mkubwa akanikabidhi jogoo, haki ya mtani, akasema tangu azaliwe hajaona mtani wa namna hiyo. Nikampokea yule jogoo kwa mikono miwili na kushukuru.

Naona aibu, Sesilia. Naona aibu ya kulia na naona aibu ya kupongezwa kwa kulia, na sijui ipi kubwa. Ulinipa kazi moja. Nilipaswa kuwachekesha kwa akili yangu, wao wakacheka kwa kukosea, na mimi nikachukua zawadi. Jogoo yupo hapa uani. Nimeshindwa kumchinja. Watoto wa mpangaji wa chumba cha mbele wamempa jina, wanamwita Tuzo. Kila alfajiri Tuzo anawika dirishani kwangu, nami najifunika shuka kichwani.

Na habari imeshuka mlimani kabla yangu. Hapa mtaani sasa naitwa msanii. Juzi amekuja mwanamke nisiyemjua, kafiwa na baba mkwe, ananiomba niende nikawaangukie kaburini kama nilivyoanguka Mgeta. Nikamwambia naumwa mgongo. Hata utani na watu wa kwao sina.

Lakini si hilo linalonichoma zaidi. Mama yako amekuwa akinipigia simu. Naiona namba yake, naiacha iite mpaka ikate. Nilifikiri atanishukuru kama wenzake, na nilijua nikisikia shukrani kutoka kwa mama yule nitakufa kwa aibu. Siku zikapita. Binamu yako akija na lori namuuliza mama hajambo, anasema hajambo ila hali chakula vizuri, na tangu msiba hajacheka hata kidogo. Kila siku nasema kesho nitapokea. Mimi ninayeitwa msanii mtaa mzima nimeshindwa kusema "haloo".

Jana binamu yako kasimamisha lori mbele ya kibaraza changu, kashusha mfuko wa njegere. Kasema kaagizwa na mama yako anifikishie maneno, na kaagizwa ayaseme yote bila kupunguza. Akasimama pale kama mtoto anayeghani shairi shuleni:

"Mwambie mtani wangu kwamba watu walicheka, mimi sikucheka. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Mwambie hakuna mtu anayeigiza halafu akapanga karoti kubwa chini na ndogo juu. Mwambie asinikimbie, ni mwanangu. Ila deni la utani liko palepale. Arobaini ni Jumamosi hii, aje anichekeshe, maana nimechoka kununa."

Kumbe ulilitoa kwake. Miaka yote nilidhani lile jambo la mikono umelibuni wewe.

Nilikaa kwenye kigoda chako, kile cha mguu uliolegea, nikalia tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Halafu nikajikuta nimeshika njegere zake nazimenya. Sikukumbuka kuufungua mfuko.

Haya. Sasa nikwambie. Kachukua yule wa mchele. Mwembamba wako, mke wa dereva wa lori. Alipanda jukwaani hana hata wigi, akashika ile tuzo akawa anaigeuzageuza, anaifuta kwa ncha ya mtandio kama sufuria. Mama wa kambo wangu alikuwa kakaa mstari wa mbele na gauni la kumeremeta, anapiga makofi kwa vidole viwili. Nilisimama peke yangu mbele ya TV nikageuka kukitazama kigoda. Ulishinda, Sesilia. Umeshinda mwaka ambao wewe hupo.

Kwa hiyo nina wiki nzima ya kupiga goti.

Nimelifikiria hilo tangu jana, na nimeshajua nitakachofanya Jumamosi. Nitapanda Mgeta na Tuzo kwapani, nimrudishe kwa mjomba, nimwambie mbele ya watu kwamba siku ile sikuigiza, nililia, na jogoo sikumstahili. Wagune wakitaka kuguna. Kisha nitakwenda kaburini kwako na kanga yangu mwenyewe, kapu sitajitwika, na mbele ya mama yako, mbele ya wajomba na ukoo mzima wa wakulima wa ukutani, mimi Zaituni, Mnyamwezi, nitapiga goti nimwamkie Mluguru tuliyezaliwa naye mwaka mmoja. Hapo watacheka, na safari hii watajua wanachokicheka. Mama yako atacheka wa kwanza. Goti likiteleza kwenye huo ukuta wenu nikabingirika mpaka sokoni, basi na wewe utakuwa umecheka.

Na mikono yangu ikitafuta kazi nitaiacha itafute. Sitaificha.

Pumzika, mtani. Kigoda chako hakikaliwi na mtu mwingine. Msimu ujao nitakuchagulia kwa kutazama mikono, kwa niaba yako, na nikishinda mimi dhidi yako nitajiamkia mwenyewe.

Wiki yenyewe naianzia hapa kwenye kibaraza, gauni la watu likiwa bado limebanwa kwenye sindano, muuza mkaa ananitazama, goti langu liko chini kwenye saruji.

Shikamoo, Sesilia.