Makopo Yaliyolala Kifudifudi

Nyumba ya Seremala,
Nyuma ya Kinu cha Unga,
S.L.P. 214.

9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, magoti yametulia na ile miwani yako haijapotea tena. Sisi tu wazima, ila mikono inaniuma hadi kalamu naishika kama mwiko. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani ni mapenzi peke yake.

Mapenzi nayo yapo, Shangazi. Mwezi wa pili huu wa ndoa, na bado nikisikia randa ya mume wangu ikipita kwenye ubao, moyo unanienda mbio. Ananuka vanishi na vumbi la mbao, nami naona ndiyo manukato. Cheka tu.

Sasa uchovu. Wewe uliyenilea ulinifundisha kuwa chombo husimama kwa miguu yake. Basi wiki ya kwanza nikaingia stoo ya karakana nimpangie mwenzangu. Nikakuta makopo yote ya vanishi yamepinduliwa, vifuniko chini, matako juu. Nikajisemea, huu ni ukapera. Nikafungua moja moja nione yana nini, nikayapangusa, nikafunga kwa kiganja, nikayasimamisha dirishani juani yapendeze. Yeye hakujua, alikuwa akishinda kwa mteja akifunga makabati.

Mteja huyo ni mama mwenye duka la dawa. Ilibaki milango miwili tu ya makabati kupakwa vanishi, nayo lazima ifanane rangi na mingine. Isipofanana, kazi ya duka lake la pili angempa fundi mwingine. Alilisema hilo mbele yangu, bila kucheka.

Jumatatu mume wangu akaingia stoo kuchukua vanishi. Akatoa kichwa mlangoni. Kisha:

“Mke wangu, nani kawaamsha hawa?”

“Mimi. Nimewapanga.”

“Walilala kwa makusudi, mama. Kopo likilala kifudifudi, vanishi yenyewe inaziba mdomo, hewa haipiti. Njoo uone.”

Nikaona. Juu utando mgumu kama wa uji uliopoa, chini ute mzito kama gundi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza, alikaa benchini akitazama viatu vyake.

Tuliichuja kwa kitambaa, tukaongeza tina ya kuizimua, tukapaka. Milango ikatoka na chunusi kama uso wa kijana. Ikabidi tuikwangue yote kwa msasa, siku tatu, yeye mlango wake na mimi wangu. Vumbi lilitujaa hadi kwenye kope. Akanitania kwamba nimezeeka kabla ya kuzaa.

Lilibaki kopo moja zima, chini ya kitanda chetu, ambako ufagio wangu ulikuwa haujafika. Lilikuwa limelala kifudifudi. Ubavuni ameandika kwa penseli tarehe ya harusi yetu na maneno mawili: kitanda chetu. Ni vanishi ileile, aliitenga akipake kitanda alichotuundia. Nilikaa sakafuni nimelikumbatia.

“Kitanda kitasubiri,” akasema. “Yule mama hasubiri.”

Nikalifungua mwenyewe, tukaipaka upya ile milango miwili.

Jana tuliifunga dukani kwake, na yule mama akapitisha kidole mlango hadi mlango akitafuta ulio tofauti. Hakuupata. Akauliza tu kule duka la pili tunaanza lini.

Kwa hiyo, Shangazi, tunalalia mbao tupu zisizopakwa, na vibanzi vinanivuta nguo kila nikigeuka. Sijawahi kulala pazuri hivi. Koponi vimebaki vidole viwili vya vanishi. Anasema vitatosha upande wa kichwani. Nimegongea kifuniko kwa nyundo, nimelirudisha mahali pake, nimelilaza kifudifudi kwa mikono yangu hii.

Nisalimie Bibi, Mjomba Redio na dada yangu mdogo, umwambie akiolewa aulize kwanza, apange baadaye. Mungu akufunike vizuri, hewa mbaya isikupate.

Mwanao akupendaye, aliyechoka na aliyetulia,
Mke wa Seremala