Salamu ya Mzee Wafula

Jumamosi, Yamumbi

Instrakta wetu wa bastola alikuwa sahihi, lakini kunifokea mbele ya watu wote…

Nilikuwa kwa uwanja wa shabaha, bastola mkononi, risasi ndani. Mzee Wafula wa kanisani kwetu, naye amekuja mazoezi, akaniita kutoka nyuma: "Mama Nekesa, habari yako?"

Nikageuka. Nimelelewa hivyo, mzee akikusalimia unamwangalia. Bastola nayo ikageuka na mimi, ikamwelekea Mzee.

Instrakta alinidaka mkono akauinamisha chini. "Hapa salamu ingoje! Mtutu unaangalia shabaha pekee."

Kidole hakikuwa kwa triga. Nashukuru Mungu kwa hiyo tu.

Nilipomaliza niliacha bastola mezani, nikamwendea Mzee, nikampa mikono miwili. "Nzuri, Mzee."

Aliipokea, lakini macho yake yalikuwa bado kwa bastola pale mezani.